Ukirudi Dukani, Piga Hodi

Sauda mwanangu,

Begi lako liko sebuleni limefungwa, na wewe umelala fofofo, usingizi wa mtu asiye na neno na mtu. Kesho treni inakuchukua kwenda Dodoma. Habari za kula kwa wakati, kujifunika vizuri na kuchagua marafiki nimeshakwambia mpaka ukaanza kunimalizia sentensi, na yaliyobaki utaambiwa na mama zako wadogo pale stesheni, maana wameahidi kuja na hawajawahi kukosa la kusema. Mimi nimebaki na jambo moja. Nimelibeba tangu wakati wa mvua na limenichosha.

Ni wewe uliyelitoa jina langu kwenye kundi la kuchapa, katika kompyuta ya duka langu mwenyewe, wakati mimi niko Kidahwe namuuguza bibi yako. Mjomba wako Ramadhani ndiye aliyekutuma, hilo nalo nalijua. Lakini mkono ulikuwa wako, na neno la siri lilikuwa langu, na neno hilo nilikuwa nimemtajia mtu mmoja tu.

Nimengoja useme. Kila ulipokuja jikoni ukakaa kimya karibu yangu nilijua ni leo, nikapunguza moto, nikaacha kukoroga, nikakupa nafasi. Kisha unaniuliza kama chumvi imekolea. Sasa unaondoka na hujasema, basi nasema mimi.

Naandika kwa kalamu, uvumilie mwandiko. Ningeweza kuichapa barua hii ikatoka imenyooka, lakini sikutaka ipite kwenye printa ile. Imeshashuhudia ya kutosha.

Duka letu la Gungu wewe unalijua tangu limekuwa duka. Hukulijua lilipokuwa ndoo. Nilianza kwa kuuza migebuka pale ufukweni Ujiji, nikipanda nayo mitaani, ndoo kichwani na wewe mgongoni, na ulikuwa unapenda kunyonya ncha ya khanga yangu ikiwa inanuka samaki. Baadaye nikapata mashine ya fotokopi ya mtumba, kisha kompyuta, kisha nyingine, kisha printa ile kubwa. Siku niliyoileta kwa bajaji niliishika kwa mikono miwili njia nzima, na kila shimo nilimwambia dereva apunguze mpaka akaniuliza kama nimebeba mgonjwa. Baba yako, Mungu amrehemu, hakuiona. Nakwambia haya ili ujue kwamba duka lile kwangu si riziki tu. Ni kitu pekee nilichokijenga ambacho hakuna mtu anayeweza kusimama akasema alinipa.

Unakumbuka kompyuta zilipokuwa zinashikwa na virusi kila mara kwa sababu ya flashi za wateja. Yohana fundi, yule wa familia ya Kirundi iliyohamia Gungu kitambo, akatuwekea mfumo mwingine, wa bure. Ulikuwa umekaa pale na sare zako za shule ukimwangalia vidole. Alitueleza kwamba katika mfumo huu kila mtu ana jina lake na neno lake la siri, na majina yanapangwa kwenye makundi. Printa haimjui Sauda wala Mama Sauda, inalijua kundi. Jina lako likiwa ndani ya kundi la kuchapa, unachapa. Likiwa nje, unaweza kukaa pale ukaandika mpaka kuche na hakuna karatasi itakayotoka. Na juu ya wote yupo msimamizi mmoja, ambaye kwa neno lake la siri anaweza kumwingiza mtu kwenye kundi au kumtoa.

Tulitaka hivyo kwa ajili ya yule mwalimu mkuu aliyekuwa analeta mitihani ya shule yake. Alisema wazi kuwa kazi ataileta kwetu ikiwa atajua ni nani anayeweza kuitoa mitihani kwenye karatasi na nani hawezi. Kazi ile ndiyo iliyokuwa inalipa pango la chumba, unajua. Yohana akanigeukia.

"Haya mama, kwenye kundi nimuweke nani?"

"Weka wote. Mimi, Sauda, na mdogo wangu Ramadhani."

"Ramadhani naye? Huyu si anakuja mara moja moja?"

"Ni ndugu yangu. Nimwambie printa yangu haimtaki?"

"Ego, mama," akakubali kwa Kirundi chake, akamuweka. Kisha akaniambia nichague neno la siri la msimamizi, nisimtajie mtu. "Hata mtoto, mama. Hata mume."

"Mume mwenyewe yuko wapi," nikamjibu, tukacheka.

Nilikutajia jioni ileile tukiwa tunachambua dagaa. Nilikuwa nimechagua lile jina ulilokuwa unajiita ulipokuwa bado huwezi kutamka lako. Ulicheka mpaka dagaa wakamwagika. Nilitaka ulijue. Kufanya siri na mwanangu niliona ni mambo ya watu wasiopendana, na maonyo ya Yohana niliyaona ni ya mafundi, ambao kila kitu kwao ni hatari.

Nikueleze hilo lilitoka wapi, maana sijawahi kukueleza. Bibi yako mlango wake unakuwa wazi tangu alfajiri, kuku wanaingia na kutoka, lakini mtu, hata awe amemzaa mwenyewe, lazima asimame kizingitini apige hodi na angoje karibu. Na chumbani kwake vilevile. Nilipokuwa mdogo nilijikata mguu kwa jembe, nikakimbia moja kwa moja hadi chumbani kwake nikilia. Akaniangalia, damu akaiona, akasema, "Toka, mwana wanje, toka mwanangu. Anza upya." Nikatoka. Nikasimama mlangoni nachuruzika damu nikasema hodi. Akasema karibu, akaniinua, akanifunga kidonda kwa upole ambao sijaupata tena kwa mtu. Lakini mimi nilichobaki nacho ni kule kutolewa. Nikaapa kwamba nikipata mtoto, huyo hatapiga hodi kwangu maisha yake yote.

Na wewe hukupiga. Uliingia chumbani kwangu, ukaingia kwenye mkoba wangu na kwenye simu yangu, na mimi nikajivuna mbele ya wenzangu kwamba kati yangu na Sauda hakuna pazia. Wengine walikuwa wanatikisa kichwa. Nikadhani wananionea wivu.

Mvua zilipoanza bibi yako akateleza uani akavunjika nyonga. Nilikwenda Kidahwe na nguo chache nikidhani narudi karibuni, nikakaa mpaka mahindi ya watu yakawa yanafika kiunoni. Ramadhani alinipigia simu mwenyewe. "Dada, kaa na mama. Duka niachie mimi na mtoto." Nilimshukuru mpaka akanikatisha.

Jumamosi moja ulikuja na mikate na sabuni. Ulikaa pembeni ya kitanda cha bibi ukamkanda miguu, na chakula hukukigusa. Nikakuuliza kama unaumwa, ukasema ni uchovu. Nikaona una simu mpya, ukasema mjomba amekupa kwa kuwa unamsaidia sana dukani. Nikafurahi, Sauda. Nilimpigia Ramadhani palepale kumshukuru kwa kumkumbuka mtoto. Nilimwombea dua ndefu, nikamwambia laiti dada wote wangekuwa na ndugu kama yeye, na wewe ulikuwa umekaa hapo na miguu ya bibi mikononi mwako unanisikiliza. Katika yote yaliyotokea, hiyo ndiyo inayoniamsha. Nikikumbuka ile simu naona aibu usoni utadhani mimi ndiye niliyekosa.

Siku niliyorudi dukani unaikumbuka, ulikuwepo. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilifuta vumbi, nikajaza karatasi kwenye printa, nikakaa kwenye kiti changu. Mwalimu akaingia na flashi yake.

"Mama Sauda, pole na kuuguza."

"Nimeshapoa mwalimu. Karibu kiti."

"Mitihani inaanza kesho asubuhi. Nimechelewa kidogo, utanisaidia."

Nikaingia kwa jina langu, nikafungua kazi yake, nikabofya. Kompyuta ikaandika kwamba mtumiaji huyu haruhusiwi kuchapa. Nikabofya tena. Nikachomoa waya nikachomeka. Nikazima printa nikaiwasha, nikatoa karatasi nikazipanga upya, nikapiga mbavu za mashine kwa kiganja, yale yote ambayo wateja huyafanya na mimi huwacheka. Mwalimu alikuwa kwanza anatazama barabarani, baadaye akaanza kutazama saa.

Ikabidi nimpigie Ramadhani. Akashuka kwenye bodaboda, akaingia bila salamu.

"Sogea kidogo, dada."

Nikasogea. Akaingia kwa jina lake, akabofya, na printa ikaanza kutema karatasi utadhani ilikuwa inamngoja yeye.

"Afadhali umekuja, bosi," mwalimu akasema.

Nilimwangalia Ramadhani nikingoja aseme bosi ni huyu hapa. Alikuwa anahesabu nakala. Mwalimu akacheka, na mimi nikacheka pia, sijui kwa nini nilicheka. Alipoondoka nikauliza imekuwaje jina langu linakataa. "Mambo ya mfumo haya, dada, mashine zinazeeka," akaniambia. "Wewe andika tu kazi, mimi nitakuwa nachapa." Akanigonga begani kidogo, vile unavyomgonga mtoto aliyepoteza mpira.

Wewe ulikuwa kule nyuma unakata picha za pasipoti. Nilipouliza lile swali, mkasi ulisimama. Hukugeuka. Ukaendelea kukata.

Kesho yake nilimfuata Yohana. Alikuja akaangalia, hakuchukua muda.

"Mama, mashine haina ubaya. Umetolewa kwenye kundi."

"Nimetolewa na nani?"

"Hapa hakuna anayeweza kumtoa mtu bila paswedi ya msimamizi. Na msimamizi ni wewe peke yako."

"Kwa hiyo nimejitoa mwenyewe?"

"Paswedi yako anaijua nani mwingine?"

Nikasema hakuna. Nilimtazama fundi machoni nikamwambia hakuna mtu. Nilikuwa nimeshajua, na bado nilidanganya ili jina lako lisitajwe dukani mle. Naye akajitia kuamini, akainamisha macho kwenye kibodi. Hukuambiwa hilo. Sasa unaambiwa.

Alinionyesha namna ya kujirudisha. Kumbe muda wote ule uwezo nilikuwa nao, mlinitoa kwenye kuchapa tu, usimamizi hamkuugusa, labda mlijua kwamba sijui kuutumia na hamkukosea. Niliandika jina langu, nikaandika neno la siri, lile jina lako la utotoni, herufi moja moja, na lilinichoma kila herufi. Nikabofya kuchapa. Ikakataa vilevile.

"Bado haijakutambua," Yohana akasema. "Hata ukishawekwa kwenye kundi, ukiwa humo ndani mfumo unakuona kama ulivyoingia mwanzo. Toka kabisa, halafu uingie upya."

Nikatoka, nikaingia, ikachapa. Nilimkumbuka bibi yako na jembe na damu, nikaenda nyuma ya duka nikalia kidogo, nikarudi kuhudumia watu.

Ramadhani nilimkabili jioni. Hakuruka. "Ndiyo, mimi nilimwambia mtoto akutoe. Duka linataka mtu mmoja wa kushika mambo, wewe ulikuwa Kidahwe na hata ukiwa hapa unaendesha duka kwa kuogopa." Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Akaningoja nimalize. "Halafu usinitazame mimi tu. Muulize mwanao kwa nini alikubali haraka hivyo. Ulimwambia haendi chuo, duka linamhitaji. Mimi nilimwambia nikilishika mimi, yeye ataachiwa aende. Sasa hapa nani kamfungia mwenzake?"

Nilimrushia rimu ya karatasi. Ilipasukia ukutani, na baada ya yeye kuondoka nilikaa chini naokota karatasi na kuzipanga, maana zilikuwa zangu. Sasa ana steshenari yake kule mjini karibu na bandari, na mwalimu amemfuata. Mwalimu simlaumu. Aliona kwa macho yake ni nani anayeweza kuchapa na nani hawezi, na hilo ndilo alilokuwa ametuuliza tangu mwanzo. Pango la chumba sasa nalilipa kwa kujibana.

Kwa Ramadhani nilikasirika, nikapoa. Tangu tukiwa watoto Ramadhani akiona kiti kitupu anakaa, na mimi ndiye niliyemwachia kiti. Akiugua nitakwenda kumwangalia. Lakini wewe, Sauda, sijui nikuweke wapi. Wewe hukukaa kwenye kiti kitupu. Wewe ulichukua neno nililokupa kwa mapenzi, ukaingia nalo ukiwa mimi, ukanitoa kwa mkono wangu mwenyewe. Mfumo ukikumbuka chochote unakumbuka kwamba Mama Sauda alijifukuza.

Nimejaribu kukutetea. Nimejiambia ulikuwa mtoto, na hukuwa mtoto. Nimejiambia hukujua maana yake, na wewe ndiye uliyekuwa unamfundisha Ramadhani maana yake. Nimejiambia ulitaka kusoma na mimi nilikuwa nimekuzuia, na hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu hilo ni kweli. Ulipoleta habari za chuo nilikuwa napanga risiti, sikuinua hata uso. Nilisema utakwenda wapi na duka hili atalishika nani. Ukasimama pale muda, ukatoka. Sikukupa nafasi ya kusema neno la pili. Nilikupa neno langu la siri lakini sikukupa dakika ya kusikilizwa, na nilikuwa naamini nimekupa kila kitu.

Kwa hiyo nimeona kwamba mlango wangu uliokuwa wazi ulikuwa wazi upande mmoja. Uliweza kuchukua chochote kwangu, lakini kuniomba kitu hukujua unaanzia wapi. Mtu asiyepiga hodi hazoei kungoja karibu, na hazoei kukataliwa akarudi tena kesho kuuliza. Nilikunyima hilo nikidhani nakupenda kuliko nilivyopendwa mimi. Bibi yako nilimsimulia yote haya mwezi uliopita nilipompelekea mawese, bila kukutaja. Akasema tu, "Ulikuwa na hasira na mimi kwa ajili ya kile kidonda mpaka leo?" Akacheka mpaka nyonga ikamuuma.

Ulidhani Ramadhani ndiye aliyenibembeleza mpaka nikakuruhusu kwenda. Hakunibembeleza mtu. Nilikaa na lile swali lake la nani kamfungia nani, nikaona ni heri uondoke kwa ruhusa yangu kuliko ubaki kwa kukosa njia. Siku niliyokwambia utakwenda ulinirukia shingoni ukalia. Nami nilikushika nikiwa nawaza, sasa atasema. Ulifuta machozi ukaenda kuwapigia simu rafiki zako. Nilikaa pale kitandani nikakuchukia kwa muda, nakwambia ukweli, kisha nikaenda kuangalia wali usiungue.

Unakwenda kusomea kompyuta hizihizi. Yohana anasema ukimaliza utakaa kwenye ofisi ya watu na wewe ndiye utakayeamua nani anafungua nini na nani anachapa nini, na watu wazima wenye vyeo vyao watakuja kukuomba. Wengine hawatakuja, watakuwa mbali wanauguza mama zao, na jina lao litakuwa kwenye kioo mbele yako, na pembeni atasimama mtu mzuri mwenye maneno mazuri na zawadi. Mimi siwezi kuwa pale. Kama utanikumbuka siku hiyo, usinikumbuke nikikuonya, maana sikuonyi. Nikumbuke nimesimama mbele ya mwalimu napiga mbavu za printa kwa kiganja.

Ile simu bado unaitumia. Sijakwambia uirudishe na sitakwambia.

Sasa nikueleze nilichokifanya leo, nisije nikafanana na mtu ninayemjua. Jioni, baada ya kufunga duka, nimebadilisha neno la siri. La sasa hulijui na sitakutajia, na safari hii halitokani na jina lako. Kisha nimelitoa jina lako kwenye kundi la kuchapa. Niliandika nikakosea nikafuta. Nimefanya kwa jina langu, na nimekwambia. Ukienda dukani kesho asubuhi kuniaga na ukajaribu, itakukatalia.

Akaunti yako sijaifuta. Ipo, na vitu vyako vyote vimo. Ukirudi likizo, ukitaka kuchapa, simama pale mlangoni mwa duka, hata kama kuna wateja, hata kama unaona haya, upige hodi. Sema, Mama, nilikutoa, sasa naomba uniweke. Sitaongeza neno. Nitaandika jina lako palepale, nawe utatoka uingie upya, ndivyo mashine inavyotaka.

Ufunguo wa mlango wa nyuma wa nyumba nimeutia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, umefungwa kwenye kipande cha khanga. Hapo sheria ya dukani haifiki. Siku ya kurudi, treni ikichelewa ukafika nyumbani Ujiji watu wamelala, usisimame nje ukingoja karibu yangu. Fungua uingie, chakula kitakuwa kimefunikwa.

Mama yako,
ambaye bado hajalala